Wakazi wanaojitokeza kuzima moto wa nyika: tuwapange vipi ili wasidhurike?

Swali la Katibu wa Kamati

Ndugu zangu, naomba ushauri wa wale ambao wamewahi kushughulika na mioto ya nyika na misitu wakiwa raia, au wakiwa upande wa zimamoto.

Mimi ni katibu wa kamati ya mazingira katika eneo la mashambani ambako nyumba zimetawanyika kati ya nyasi ndefu, vichaka na msitu wa kupandwa. Kituo cha zimamoto kilicho jirani kiko mbali kiasi kwamba hata gari likiondoka dakika ileile tunapopiga simu, moto huwa umepata zaidi ya saa moja ya kufanya utakavyo. Kwa sababu hiyo watu wetu hawana desturi ya kusubiri. Moshi ukionekana, wanatoka.

Kiangazi kilichopita moto ulianzia chini ya kilima wakati wa mchana. Haikupita nusu saa, watu zaidi ya hamsini walikuwa wamefika, kila mmoja na alichokishika: tawi bichi, jembe, panga, ndoo ya maji. Hakuna aliyewaita wala aliyewapanga. Walifanya kazi kwa moyo ambao sitausahau, na kwa muda ilionekana kama wameushinda moto. Kisha upepo ukageuka. Wale waliokuwa wakipiga moto ubavuni walijikuta wako mbele yake, kila mtu akakimbilia upande wake, na ilitubidi tuzunguke nyumba kwa nyumba mpaka usiku ndipo tukajua kwamba wote wamerudi. Kijana mmoja aliungua mgongo na mikono. Alikuwa amevaa shati la nailoni, na shati hilo liliyeyuka na kumganda mwilini.

Ofisa aliyefika baadaye alituambia tungekaa majumbani na kuwaachia wenye kazi yao. Wazee nao wanasema tungesubiri, tusingekuwa na nyumba. Nimesikiliza pande zote mbili na naona kila mmoja ana sehemu ya ukweli. Ninachotaka kujua ni hiki: je, tuunde kikundi rasmi cha kujitolea, na kama ndiyo, kifanye kazi gani na kisiguse kazi gani? Kikosi kinapowasili, nani awe na kauli? Na wale wasioweza kushika jembe, ambao ndio wengi, wapewe nafasi gani?

Jibu la Kiongozi wa Zamu

Ndugu Katibu, poleni sana, na umfikishie kijana huyo pole yangu. Nimeongoza zamu za kikundi cha kujitolea kwa misimu kadhaa ya kiangazi, kwa hiyo nitakujibu kwa kuanzia na lawama mliyopewa. Aliyewaambia mngekaa majumbani hakuwa na kauli nzuri, ila hofu yake ilikuwa ya haki. Watu wanaoishi jirani na moto watatoka hata wakikatazwa, maana kinachoungua ni chao. Kazi ya kamati ni kuhakikisha kwamba siku watakapotoka watakuwa wanajua wako wangapi, wanamsikiliza nani na watakimbilia wapi.

Wala msidhani kwamba jambo hili ni la watu waliokosa huduma tu. Nchini Australia kazi ya kuzima moto vijijini imejengwa juu ya watu wa kujitolea. Katika jimbo la New South Wales peke yake wanahesabiwa zaidi ya 70,000. Ureno na Chile nazo hutegemea vikosi vya kujitolea kwa kiasi kikubwa mno. Moto ulipouvamia Mlima Kilimanjaro Oktoba 2020, wananchi na wanafunzi walipanda mlimani pamoja na askari wa hifadhi. Msaada wa watu wa karibu ni sehemu ya kazi yenyewe, na penye mpangilio huleta faida kubwa.

Sasa nieleze kilichowapata, kwa sababu kikieleweka nusu ya mafunzo imekwisha. Moto unaosukumwa na upepo huwa na umbo refu. Una kichwa kinachokimbia kufuata upepo, una mbavu mbili zinazotambaa polepole, na una mkia pale ulipoanzia. Ubavuni ndimi huwa fupi na joto linavumilika, ndiyo maana watu hujazana huko wakiamini wamepata mahali salama. Upepo ukigeuka, ubavu wote ule mrefu huwa kichwa kwa mara moja: moto uliokuwa ukikimbia kwa upana wa mita mia moja sasa unakuja kwa upana wa kilomita nzima, na nyinyi mko mbele yake. Hivyo ndivyo walivyofariki wazimamoto watano wa kujitolea huko Linton, katika jimbo la Victoria nchini Australia, tarehe 2 Desemba 1998. Walikuwa watu waliofunzwa na walikuwa na gari la maji. Kama wao waliweza kupatwa na hayo, mtu mwenye tawi mkononi hana sababu ya kudharau upepo.

Kwa hiyo sisi hatuanzi kazi kabla ya mambo manne kutimia, na utaratibu huu si wetu. Ulifupishwa nchini Marekani mwaka 1991 na umeenea duniani. Kwanza, awepo mtu mmoja asiyeshika chombo chochote, amesimama mahali anapouona moto wote, na kazi yake iwe kutazama tu. Wengi humwona mtu huyu kama mvivu. Kwetu humpa nafasi hiyo mtu mwenye uzoefu kuliko wote. Pili, kuwe na njia ya kumfikishia kila mtu taarifa, iwe redio ya mkononi, filimbi au pembe, na maana ya kila mlio iwe imekubaliwa kabla. Tatu, kila mtu ajue njia mbili za kutokea, kwani moja inaweza kuzibwa. Nne, njia hizo ziishie mahali pasipoweza kuungua: shamba lililolimwa, uwanja usio na majani, au sehemu ambayo tayari imeungua na kupoa. Mahali hapo pawe pana. Kipimo kinachotumika ni kwamba umbali kati ya mtu na moto usipungue mara nne ya urefu wa ndimi, na hiyo ni kwa ardhi tambarare isiyo na upepo. Kwenye mteremko au penye upepo, ongezeni.

Fanyeni kazi mkianzia mkiani, mkipanda na mbavu kuelekea kichwani, mguu mmoja ukiwa karibu na sehemu iliyokwisha kuungua. Msianzie mbele ya kichwa hata siku moja. Msikae juu ya moto kwenye mteremko pia, maana moto hupanda mlima kwa kasi: kwa makadirio, kila mwinuko unapoongezeka kwa nyuzi 10, mwendo wake huongezeka maradufu.

Kuna kipimo kimoja ambacho ningependa kila mtu katika eneo lenu akijue kwa moyo. Ndimi za moto zikizidi urefu wa mita 1.2 hivi, yaani zikivuka kiuno cha mtu mzima, watu wenye vifaa vya mkono hawawezi kuuzima moto huo kwa kuukaribia. Hapo hakuna ujasiri unaosaidia. Kikundi kinarudi nyuma na kufanya kazi nyingine, kama vile kupanua barabara ya kuzuia moto mbele kabisa au kuondoa watu.

Mavazi ni jambo jepesi, lakini limemgharimu kijana wenu. Pamba nene au sufu, mikono mirefu, viatu vya ngozi vinavyofunika kifundo. Nailoni na vitambaa vya namna hiyo visikaribie moto.

La mwisho, na kwangu ndilo la kwanza: daftari. Mahali pa kukutania pawe pamoja, na awepo mtu wa kuandika jina la kila anayeingia, saa aliyoingia, anakokwenda na saa aliyotoka. Asiyeandikwa haendi. Daftari lingekuwepo siku ile, msingezunguka nyumba kwa nyumba usiku mkiwa na hofu moyoni.

Jibu la Ofisa Mstaafu

Nilitumikia zimamoto kwa miaka mingi, na ningependa kumwomba radhi Ndugu Katibu kwa niaba ya taaluma yangu, ingawa simjui ofisa aliyesema maneno yale. Ninajua yanakotoka. Kamanda anapofika na kukuta watu hamsini ndani ya moshi, asijue ni akina nani wala wako wapi, moto huacha kuwa tatizo lake la kwanza. Anakuwa na watu hamsini wa kuokoa. Hawezi kuagiza maji yamwagwe kutoka angani, hawezi kutuma tingatinga, na hawezi kuruhusu moto wa kukabili moto (unaowashwa kwa makusudi mbele ya moto mkubwa ili ukute hakuna cha kuunguza) uwashwe, kwa sababu hajui nani yuko nyuma ya moshi ule.

Swali lako kuhusu nani awe na kauli lina jibu moja: yule aliyepewa mamlaka na sheria ya nchi, na kabla hajafika, kiongozi wenu mliyemchagua. Kinachoharibu mambo ni kipindi cha katikati, dakika zile ambazo kikosi kimewasili na kila upande unaendelea na mpango wake. Mfumo wa uongozi wa matukio unaotumika leo katika nchi nyingi ulibuniwa baada ya mioto ya California ya mwaka 1970, wakati vyombo vingi vilipojikuta katika tukio moja vikiwa na majina tofauti ya kazi, redio zisizosikizana na wakubwa wasiotambuana. Ikiwa vikosi vyenye mafunzo vilichanganyikiwa kiasi hicho, raia na zimamoto watachanganyikiwa zaidi wasipokubaliana mapema.

Ushauri wangu ni kwamba msingoje kiangazi. Nendeni kituoni sasa, mkiwa na barua ya kamati, na mpeleke mambo haya: jina la mtu mmoja atakayekuwa kiungo kati yenu na kikosi, pamoja na naibu wake, ramani iliyochorwa na wenyeji, yenye njia zinazopitika kwa gari zito, madaraja yasiyoweza kulibeba, vyanzo vya maji visivyokauka na nyumba zenye watu wasiojiweza, na ahadi kwamba kikosi kikifika, kiungo atamkabidhi kamanda daftari alilolitaja mwenzangu pale juu na kumwambia kwa maneno machache moto ulianzia wapi, unaelekea wapi na watu wako wapi. Nimewahi kupokewa namna hiyo mara chache, na kila mara tuliokoa muda ambao hauwezi kununuliwa. Mwenyeji anayejua kwamba bonde lile upepo wake hugeuka jioni ana taarifa ambayo mimi sina hata nikiwa na vyombo vya kisasa.

Kuhusu upepo wa jioni, nitoe mfano mmoja. Tarehe 9 Julai 1953, katika msitu wa Mendocino huko California, watu 15 waliteketea usiku. 14 kati yao walikuwa wanafunzi wa umisionari waliojitolea kuzima moto. Walikuwa wamemaliza kuzungushia moto mdogo kinga, wakaketi kula. Upepo ulishuka ghafla na moto mkubwa ukakimbia kuteremka mlima, jambo ambalo wengi wao hawakulitarajia kwa kuwa moto wamezoea kuuona ukipanda. Kundi lao lilikuwa la watu 24. Tisa walioelekea juu waliokoka. Walioteremka na bonde hawakuokoka. Ninauleta mfano huu kwa sababu moja tu: uamuzi wa kupanda au kushuka haukupaswa kufanywa gizani huku moto ukinguruma. Ulipaswa kuwa umefanywa kabla sahani hazijatolewa.

Jambo moja ninalikataza bila kusitasita. Wanaojitolea wasiwashe moto wa kukabili moto. Najua wazee wengi wanaijua mbinu hiyo, na wapo wanaoijua vizuri kuliko baadhi ya maofisa. Lakini ukiwashwa bila kamanda kujua, unaweza kuwazingira watu walioko upande wa pili wa moshi.

Jibu la Mkulima wa Mpakani

Nimesoma kwa makini na ninakubaliana na mengi, ila nina hofu kwamba tukifuata yote tutakuwa na kikundi kizuri kwenye karatasi kinachofika moto ukiwa umeshakuwa mkubwa. Mimi shamba langu limepakana na msitu, na mara tatu nimeuona moto ungali mdogo wa kuzimwa na watu watano kwa dakika kumi. Mara moja kati ya hizo tulisita, tukipigiana simu kuulizana nani wa kuongoza, na moto ukaingia msituni. Naomba msiwafundishe watu kusita.

Kwetu tulitatua hivi. Kila kitongoji kina watu wanane waliofunzwa, wanaoishi karibu, na vifaa vyao vimewekwa mahali pamoja ambapo ufunguo wake uko kwa watu watatu: majembe, reki, mafyekeo, pampu za mgongoni za kubeba lita 20 hivi, na vipigio vyenye mpini mrefu na kipande bapa cha mpira mwishoni, ambavyo ni bora kuliko tawi kwa sababu havirushi cheche ukivitumia kwa kugandamiza badala ya kupiga. Hao wanane wana ruhusa ya kwenda mara moja. Wengine wote, hata wakiwa na nguvu kiasi gani, wanakwenda kwanza kwenye daftari. Hivyo tumepata wepesi bila kupoteza hesabu ya watu.

Tena naona mnazungumza sana juu ya siku ya moto na kidogo mno juu ya siku mia mbili zilizotangulia. Nyumba nyingi haziunguzwi na ukuta wa moto unaozifikia. Huunguzwa na cheche zinazorushwa na upepo na kutua kwenye majani makavu yaliyojazana juu ya paa, kwenye kuni zilizoegemezwa ukutani, au kwenye mkeka uliosahauliwa barazani. Kusafisha mita moja na nusu za mwanzo kuzunguka nyumba pasibaki kitu cha kuwaka, kisha kupunguza nyasi na matawi ya chini hadi kama mita 30, ni kazi ambayo mzee, mama mjamzito na mtoto wa shule wanaweza kushiriki kila mmoja kwa kiasi chake. Hapo ndipo wale wengi aliowaulizia Ndugu Katibu watakapopata nafasi. Sisi hutenga siku mbili kabla ya kiangazi, na tunaanzia kwenye nyumba za wajane na wagonjwa.

Kiongozi wa Zamu anajibu

Ndugu Mkulima, umenisahihisha na nimekubali. Watu wanane wenye ruhusa ya kwenda mara moja ni utaratibu mzuri kuliko wetu. Ninaongeza sharti moja: mmoja kati ya hao wanane awe ndiye mtazamaji, na asishike kipigio hata moto ukionekana mdogo kama wa jikoni. Na zikipita dakika kumi na tano bila ndimi kushuka, mtu huyo apige simu ya pili kituoni, maana simu ya kwanza huwa imesema "moto mdogo" na gari lililotumwa huwa la moto mdogo.

Jibu la Mratibu wa Tahadhari

Naomba niwasemee wale ambao hawajatajwa vya kutosha, yaani watu wasiojiweza, maana mimi kazi yangu ni kuwatoa.

Tarehe 17 Juni 2017 moto ulizuka karibu na Pedrógão Grande nchini Ureno, na watu 66 walipoteza maisha. Wengi wao walifia barabarani wakijaribu kukimbia. Waliondoka wakiwa wamechelewa, moshi ukawafunika, magari yakakwama. Mwaka uliofuata Ureno ilianzisha mpango wa vijiji salama, ambao ndani yake kila kijiji kinachoshiriki humchagua mwenyeji mmoja kuwa ofisa wa usalama wa mahali pale, huweka alama za njia za kutokea, hutenga mahali pa kukusanyika au kujihifadhi, na hufanya mazoezi. Ninaupenda mpango huo kwa sababu haumtaki mwenyeji awe mzimamoto. Unamtaka ajue bibi yupi hasikii, nani ana mtoto anayetumia mashine ya kupumulia, na nani atakataa kuondoka bila ng'ombe wake.

Kikundi chenu kiwe na mkono huu tangu mwanzo, na ningependekeza wapewe watu wanaoaminika katika nyumba za jirani kuliko watu wenye nguvu. Mtu mmoja kwa nyumba kumi au kumi na tano anatosha. Awe na orodha aliyoiandika kwa mkono, kwa kuwa simu huisha chaji na minara nayo huungua au hukosa umeme. Tahadhari ipigwe kwa kitu kisichotegemea mtandao: kengele, honi, ngoma, au mtu mwenye pikipiki na kipaza sauti. Orodha ioneshe nani ana gari lenye nafasi na nani atapanda gari hilo, kwa majina. Neno "tutasaidiana" halijawahi kumtoa mgonjwa kitandani. Jina la dereva humtoa.

Kuondoka ni kabla moto haujaonekana, wakati ungali moshi wa mbali na barabara ingali wazi. Katika mioto ya Victoria ya tarehe 7 Februari 2009 walifariki watu 173, na uchunguzi uliofuata uligusa kwa kina jambo hili la watu kungoja hadi dakika za mwisho ndipo waamue kukaa au kwenda. Kwa mlemavu, mzee na mtoto mdogo pasiwe na kungoja kabisa. Siku ya upepo mkali, joto na ukavu iliyotangazwa kuwa ya hatari, sisi huwahamisha asubuhi hata kama hakuna moto popote. Kuna siku tumewahamisha na hakikuwaka kitu, na baadhi yao walinung'unika. Niliyapokea manung'uniko yao kwa furaha.

Katibu wa Kamati anauliza tena

Nawashukuru kutoka moyoni. Nimeyasoma majibu haya mbele ya kamati jana jioni, na habari ya wale watu tisa waliopanda mlima iliwanyamazisha wote. Tumekubaliana juu ya watu wanane kwa kila kitongoji, daftari, kiungo mmoja na orodha ya nyumba.

Yamebaki mawili. Mama mmoja aliuliza: mumewe akiumia akiwa anazima moto kwa kujitolea, nani atalisha watoto? Sikuwa na jibu. La pili, moto ule wa mwaka jana uliwaka tena siku ya tatu baada ya sisi sote kurudi majumbani, na hatukuelewa ulikotoka.

Jibu la Ofisa Mstaafu

Swali la mama huyo ndilo lililopaswa kuulizwa kwanza, naye mumpe nafasi katika kamati. Msianze kazi kabla halijajibiwa kwa maandishi. Katika makubaliano yenu na kituo pamoja na serikali ya mahali penu, iandikwe wazi kwamba waliosajiliwa na kufunzwa wanapokuwa chini ya amri ya kamanda wanahesabiwa kuwa kazini, na nani atagharamia matibabu na fidia. Msikubali ahadi ya mdomo. Hata nchi zenye mfumo wa miaka mingi zimelazimika kurudi kwenye jambo hili: mwishoni mwa Desemba 2019, mioto ilipodumu kwa miezi, serikali ya Australia ilitangaza malipo ya hadi dola za Australia 300 kwa siku, jumla isizidi 6,000, kwa wanaojitolea wa New South Wales waliokuwa wamepoteza kipato kwa kuitwa zaidi ya siku kumi. Siku kumi tu kabla ya tangazo hilo, watu wawili wa kujitolea walikuwa wamefariki baada ya mti kuanguka mbele ya gari lao na gari kupinduka. Hatari ya kazi hii haiko kwenye ndimi za moto peke yake.

Mpimeni pia kila anayejiandikisha shinikizo la damu na hali ya moyo. Nchini Marekani mshtuko wa moyo umekuwa kwa miaka mingi chanzo kikubwa cha vifo vya wazimamoto wanapokuwa kazini, na wanaojitolea wakiwa watu wazima wenye umri mkubwa ndio hupatwa zaidi. Kwenye joto lile kila mtu anywe kama lita moja ya maji kwa saa, kidogo kidogo, na apumzishwe kwa zamu hata akisema hajachoka.

Jibu la Mkulima wa Mpakani

Nijibu hilo la moto kurudi, kwa kuwa nimelipata mwenyewe. Moto haukutoka popote, haukuwa umeondoka. Hubaki kwenye mizizi, kwenye visiki, chini ya samadi kavu na katika udongo wenye mboji nyingi, ukila polepole bila moshi unaoonekana mchana, mpaka upepo uje. Huko Oakland, California, moto wa nyasi uliodhaniwa umedhibitiwa tarehe 19 Oktoba 1991 uliamka kesho yake, na watu 25 wakafariki.

Kikosi huwa hakiwezi kukaa siku zote hizo, kina mioto mingine. Kwa hiyo ulinzi wa baada ya moto ni kazi ya wenyeji hasa, na haihitaji misuli mingi. Piteni ukingo wote wa eneo lililoungua, mkiingia ndani kama mita 30 kila mahali mnapoweza. Tumieni mgongo wa kiganja bila kugusa, mkiuleta karibu na ardhi na visiki mpaka mhisi kama kuna joto. Panapo joto, chimbueni, mwagieni maji, korogeni pawe tope, kisha pimeni tena. Asubuhi na mapema ndiyo saa nzuri, maana baridi huuonesha moshi ambao jua huuficha. Angalieni juu pia, kwa sababu mti uliooza ndani unaweza kuungua katikati na kuanguka bila mlio.

Sisi tunalinda siku tatu mchana na usiku kwa nyasi, na hadi wiki mbili kwa msitu, watu wawiliwawili kwa zamu za saa nne. Kila zamu inaandika kwenye daftari lilelile la majina: wapi palikuwa na joto, saa ngapi, na nani alipazima. Zamu inayofuata inaanzia hapo.